Tarumbeta na Waya za Meno

Nakumbuka Jumanne moja, mzee wa watu aliketi kwenye kiti changu cha kutibia meno, nikamwashia taa, nikavaa glavu, naye akakataa kufungua mdomo. Mapajani alikuwa amepakata kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Nilidhani ni mzigo wa sokoni. Kumbe ndani ya kitambaa kile mlikuwa na somo nililolikosa miaka yote ya chuo kikuu.

Lakini, mwanangu, nisikuvushe mto kabla hujaufikia. Ngoja nianzie panapostahili.

Mimi ni mzaliwa wa Kanyenye, hapa hapa Tabora. Baba yangu alishona kanzu, mama alikaanga vitumbua. Nilipomaliza kusomea meno nikaenda ng'ambo kusomea kazi moja tu ndani ya kazi ile: kunyoosha meno yaliyopinda, kuyarudisha yaliyotangulia, kuyapa nafasi yaliyobanana. Nikarudi nina miaka thelathini na mitatu, cheti kiko kwenye fremu, na kichwa kimejaa kuliko begi. Wenzangu walibaki Dar es Salaam. Waliniambia kuwa Tabora watu wanang'oa meno, hawayanyooshi. Nikasema nitawaonyesha. Nikapanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, nikaweka kiti kimoja, nikamwajiri Mama Kulwa, muuguzi mstaafu wa Isevya, aliyemjua kila mtu mjini na mama yake pia.

Mwaka wa kwanza ulinifundisha kunyamaza. Watu walikuja kung'oa. Nikiwaeleza habari za waya za meno walinisikiliza kwa adabu, halafu wakang'oa. Mama mmoja aliniuliza kama waya hizo zikipigwa na radi mtu anapona. Waliokubali kufungwa waya walikuwa watano tu, wote watoto wa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine. Mimi nilimtaka mtu wa mji huu, anayejulikana, ambaye watu wakimwona anacheka vizuri watauliza amefanywaje, na nani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nililijua neno hilo, lakini nilikuwa na haraka, sikutaka kungoja chema kijiuze chenyewe.

Ndipo akaja Elia.

Elia alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Siku za kazi alikuwa fundi baiskeli karibu na stesheni. Siku nyingine alikuwa mpiga tarumbeta la kwanza katika kikundi cha usharika wake wa Kimoraviani. Usidhani hilo ni jambo dogo. Kwa wenzetu Wakristo harusi isiyo na matarumbeta ni kama pilau lisilo na viungo, na hata sisi Waislamu msafara wa bi harusi ukipita tunatoka mlangoni kutazama. Elia ndiye aliyetembea mbele, mashavu yamejaa, jasho linamtiririka, na watoto wa nusu ya mji wanamfuata nyuma. Lakini meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameposa, na alitaka siku ya harusi yake acheke mikono ikiwa chini.

Nikuambie ukweli, maana mzee akificha aibu yake hana la kumfundisha mtu. Nilipomwona Elia mlangoni sikumwona Elia. Niliona bango la matangazo linalotembea kwa miguu yake lenyewe. Nikampunguzia bei kabla hajaomba, nikampangia siku ya karibu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Pasaka.

Siku ile nilikuwa nimekwisha kumgandisha vibati vya juu, vile vyuma vidogo vinavyobandikwa kwenye meno ili vishike waya, nimeshika koleo, nataka kupitisha waya, akainua kidole kama mwanafunzi. Nikatoa mkono mdomoni mwake.

"Dokta," akaniuliza, "na tarumbeta?"

Nikamjibu bila kuinua macho. "Utapiga tu. Utazoea."

Mama Kulwa, aliyekuwa ananishikia taa, alikohoa. Hakuwa na kifua. Nikajifanya sikusikia, nikapitisha waya, nikakaza. Mwanangu, sikujua kama atapiga au hatapiga. Sikuwahi kumtibu mpiga tarumbeta, wala sikuwahi kusoma lolote juu ya mtu wa namna hiyo. "Utazoea" ni neno la mtu asiyejua ambaye hataki ijulikane kuwa hajui. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana hupita penye mwanya mdogo kama huo.

Sasa, Wamoraviani wana desturi nzuri sana. Siku ya Pasaka huenda makaburini alfajiri, kabla jua halijachomoza, wakasimama kati ya wafu wao wakalingoja jua kwa nyimbo. Tarumbeta la kwanza ndilo linaloanza, peke yake, kisha mengine yanafuata. Mama Kulwa alisali katika usharika ule ule. Jumanne baada ya Pasaka alinisimulia yaliyotokea huku anapanga vyombo kwenye trei, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Wiki zote tatu Elia alikuwa amejikaza mazoezini, akiamini neno langu kuwa atazoea. Alfajiri ile aliweka tarumbeta mdomoni. Sauti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilipasuka. Ya tatu ikawa upepo mtupu. Alijaribu tena, na alipolishusha, kola ya shati lake jeupe ilikuwa na damu ya mdomo. Watu walisimama kwenye umande mpaka mzee wa kikundi akauanza wimbo kwa koo lake.

Nilimwuliza Mama Kulwa kama watu walicheka. Akasema hakuna aliyecheka. Nadhani kama wangecheka nisingeumia hivyo.

Akaongeza kuwa harusi mbili za baada ya Pasaka zilikuwa zimekwisha kuomba mpigaji mwingine, na kwamba sokoni wanasema dokta wa Kanyenye amemfunga kijana wa watu mdomo kwa waya. Siku zilizofuata, wagonjwa wanne walioahidi kuanza mwezi ule hawakutokea. Mmoja alipita mbele ya mlango wangu, akaniona, akavuka barabara.

Asubuhi ile ile ya Jumanne ndipo alipokuja yule mzee mwenye kitambaa cheupe. Jina lake Mzee Mihambo, gadi wa treni mstaafu, na ndiye aliyekiongoza kikundi cha matarumbeta. Alikaa kwenye benchi tangu tulipofungua. Zamu yake ilipofika alimpisha mama mwenye mtoto, kisha akampisha mwingine. Nilikuwa sijamjua. Alipoingia nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti. Nikamwuliza jino gani linasumbua.

Alifungua kile kitambaa polepole, akatoa tarumbeta la Elia, akanipa mkononi. Akaniambia nipige.

Nilitabasamu nikidhani ananitania, kisha nikaona hatanii. Nikaliweka mdomoni, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ilitoka pumzi ya ng'ombe aliyechoka. Akaniambia nilibane zaidi kwenye mdomo, ndivyo wanavyofanya wapigaji wanapotafuta sauti ya juu. Nikalibana. Nikasikia meno yangu yanasukuma mdomo kutoka ndani na chuma kinausukuma kutoka nje.

"Sasa," akasema, "weka na waya hapo katikati."

Nikalishusha tarumbeta. Sikujua niliweke wapi.

Mzee Mihambo hakupandisha sauti. Mtu aliyefanya kazi ya reli husema taratibu, maana amezoea kungoja kelele zipite kwanza. Alisema hivi, na nimeyashika maneno yake mpaka leo:

"Binti yangu, dereva wa treni anajua injini kuliko mtu yeyote. Lakini akiwa kule mbele hamwoni mama anayepandisha watoto behewa la mwisho. Ndiyo maana treni haiondoki mpaka gadi anyanyue bendera ya kijani. Kijana alikuuliza swali. Alikuwa bado ana mguu mmoja chini. Wewe ukaondoa treni."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumwambia kuwa mdomo huzoea kweli, kuwa nimesoma ng'ambo, kuwa hata yeye hajui kazi yangu. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Nikayaacha yakae. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa limekwisha kupata ufa. Nikamwuliza nifanye nini.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mwenye mdomo yuko nje."

Kweli, Elia alikuwa nje, ameegemea baiskeli, mdomo wa juu umevimba. Nikamwita ndani. Niliamua kuwa mkarimu, na ukarimu wenyewe ulikuwa na kiburi ndani yake: nikamwambia kuwa waya nitazitoa sasa hivi, bure, na chote alichotoa atarudishiwa, tusameheane. Nilidhani atashukuru.

Elia alitazama chini, akakunjakunja kofia yake. "Dokta, sikuja kutoa waya," akasema. "Meno nayataka. Ila ungeniambia kwamba mdomo utakataa kwa miezi miwili mitatu, ningepiga Pasaka kwanza, halafu nikaja. Niliuliza ili nijipange."

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Unaona, mwanangu, muda wote nilidhani kosa langu ni la waya. Waya hazikuwa na kosa. Zilifungwa vizuri, na kila mtu wa fani yangu angezisifu. Kijana yule aliniomba habari ya mdomo wake mwenyewe, nami nikamnyima kwa kuwa sikuwa nayo na sikutaka kukiri. Nilimwomba radhi mbele ya mzee wake na mbele ya Mama Kulwa. Nilianza kwa Kiswahili cha ofisini, kikanikwama, nikamalizia kwa Kinyamwezi cha bibi yangu. Mzee Mihambo alicheka kidogo kwa jinsi nilivyokivuruga, na hapo hewa ya chumba ikalegea.

Jumamosi nikafunga kliniki saa sita, nikaenda kwenye mazoezi yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu fikiria: mimi na ushungi wangu, binti wa mshona kanzu, nimekaa kwenye benchi nyuma ya kanisa katikati ya vijana kumi na wanne wenye vyuma vinavyong'aa. Mzee Mihambo alinipa tarumbeta kuukuu lililobonyea. Kwa Jumamosi tatu nilitafuta sauti moja. Nilipoipata, Mama Kulwa alisema ni sauti ya ndama aliyempoteza mamake, na watoto wa Isevya wakawa wananiigiza nikipita. Nikakubali kuigizwa. Yalikuwa matangazo, japo si yale niliyoyapanga.

Lakini mdomo wangu ulinifundisha ambacho vitabu vyangu havikunifundisha. Niligundua kuwa kinywa cha tarumbeta la kwanza ni chembamba, kinaukandamiza mdomo mahali pale pale penye vibati viwili vya mbele. Kinywa cha tarumbeta kubwa la besi ni kipana, kinatua pembeni ya meno hayo. Nikamweleza Mzee Mihambo, naye akasema alikuwa analijua hilo miaka mingi, ila hakuna aliyemwuliza. Basi Elia akapewa besi kwa muda. Nikampigia simu mwalimu wangu wa ng'ambo, nikamwambia wazi kuwa nimekosea na sijui la kufanya. Alinieleza habari ya nta laini, na ya kifuniko chembamba cha mpira kinachovikwa juu ya waya wakati wa kupiga. Nikakitengeneza kwa mikono yangu. Cha kwanza kilikuwa kinene, Elia akawa anapiga kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Cha pili kiliteleza. Cha nne kilikaa. Akaanza na dakika tano kwa siku, akaenda kumi, akaenda robo saa.

Karibu na Nane Nane alirudi kwenye tarumbeta la kwanza, kwenye harusi moja kule Urambo. Walikwenda kwa treni, kikundi kizima. Mimi nilibaki Tabora, nikitoka mlangoni kila niliposikia honi ya treni, kama mzazi wa mwanafunzi aliye kwenye mtihani. Aliporudi alinisimulia kuwa alipiga kuanzia kanisani mpaka ukumbini, na kwamba baba wa bwana harusi, mkulima wa tumbaku, alimshika mkono akamwuliza inakuwaje mtu mwenye vyuma mdomoni apige hivyo. Elia akamweleza yote bila kuficha: jibu langu baya, damu ya Pasaka, bendera ya gadi, na sauti yangu ya ndama. Nilipoyasikia hayo nilitamani ardhi inimeze. Nikamwuliza kwa nini ameeleza na kosa langu. Akasema bila lile kosa hadithi haina utamu.

Wiki mbili baadaye yule mkulima alishuka treni na binti zake wawili. Hakuuliza habari za cheti changu. Alisema amesikia kuwa yuko dokta aliyekwenda kukaa na wapiga tarumbeta kwa ajili ya mdomo wa mgonjwa mmoja. Mara ya pili akaja na jirani yake, na jirani akaja na shemeji.

Elia alioa mwezi wa Desemba, waya zikiwa bado mdomoni, maana kazi ile ilihitaji mwaka na nusu. Nilimwambia mapema kuwa hazitakuwa tayari, achague kungoja au kuendelea. Akachagua kuendelea. Nilihudhuria. Alicheka mchana kutwa, vibati vinametameta, mikono yake ikiwa imeshika ya mkewe.

Kuanzia hapo, kila mgonjwa alipokaa kwenye kiti nilizima taa kwanza, nikavuta kigoda, nikamwuliza: mdomo huu unafanya kazi gani, na mwaka huu una jambo gani mbele yako? Ungeshangaa majibu. Mfugaji mmoja wa Igunga aliniambia kuwa ng'ombe wake hawaendi ila kwa mluzi. Tukaanza na meno ya chini mpaka alipomfundisha mdogo wake mluzi ule ule. Ustadhi mmoja aliogopa kuvuruga matamshi yake mwezi wa Ramadhani. Tukangoja Idi ipite. Mama mmoja wa Nzega alisema mdomo wake unafanya kazi ya kumsema mumewe. Nikamhakikishia kuwa kazi hiyo haitasimama hata siku moja, na mumewe, aliyekuwa amekaa pale pale, akauliza kama hakuna aina nyingine ya waya.

Hivyo ndivyo kliniki ilivyokua. Kiti cha pili kilikuja, kikaja cha tatu, wakaja madaktari vijana wawili. Nilipofungua huduma Urambo mara moja kwa mwezi, msimu wa tumbaku ulikuwa umetoka vizuri na watu walijaa mlangoni, wote wanataka kufungwa waya siku hiyo hiyo. Ningeweza kuwafunga. Nikawachukua wale tu ambao nilikuwa na hakika ya kuwaona kila mwezi mpaka mwisho, wengine nikawaandikia zamu ya mwaka unaofuata. Waliondoka wamenuna. Babu yangu mzaa baba alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyebeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na katika ukoo wetu kuna msemo: msafara husifiwa kwa waliofika, hausifiwi kwa walioondoka. Waya za meno ni msafara, mwanangu. Kufunga ni asubuhi moja. Kufikisha ni miezi ishirini ya mvua, mavuno, mitihani na misiba, na ukimwacha mtu njiani na vyuma mdomoni, umemwacha porini.

Sasa sikiliza, wewe unayefungua mlango wako, uwe wa meno, uwe wa cherehani, uwe wa dawa za mifugo. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, kisha nenda kalitafute. Hakuna aliyewahi kunikimbia kwa sababu nilimwambia sijui. Walinikimbia wanne kwa sababu nilijifanya najua. Mweleze mtu ugumu wa njia kabla hajaanza kuipita, umwachie mwenyewe achague siku ya kuondoka. Usimgeuze mtu kuwa bango lako. Mwajiri mtu mwenye ujasiri wa kukohoa unapokosea, na akikohoa, weka koleo chini. Ukikosea, omba radhi mbele ya wale wale walioliona kosa, usiiombe chumbani. Na usione haya kujifunza kwa asiye na cheti. Huenda anajua mambo miaka mingi, anangoja tu kuulizwa.

Mengine utayapata mwenyewe kwa kujikwaa, na hayo siwezi kukuzuilia.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na subira ndefu. Akupe wateja wanaorudi kukusalimia hata wasipokuwa na shida na wewe. Ukue kwa kadiri ya miguu yako, jina lako litajwe vizuri katika nyumba usizozijua, na siku utakapokuwa mzee kama mimi, uwe na kosa moja zuri la kuwasimulia wanao. Amina.